Mnong'ono wa Upande wa Pili

Kwenye harusi za watu wa rika langu, mpiga santuri akishaigeuza ile santuri ndefu akaweka upande wa pili, wanawake hufumba macho. Upande wa kwanza ni wa Kiswahili, huo watu huucheza mpaka nguo zikaloa. Wa pili ni wa Kifaransa. Gitaa linaingia taratibu, ngoma inafuata kwa mbali, halafu yule mwanamke haimbi, ananong'ona. Ananong'ona kama aliyekuwekea mdomo sikioni, na mabwana wazima wenye mvi zao huinamisha vichwa wakakumbuka mambo wasiyoweza kuyasema mbele ya wake zao.

Nimesikia mengi juu ya mnong'ono ule. Wapo wanaosema ni mtindo wa Paris. Wapo wanaoapa kwamba mwimbaji alikuwa akimpenda mume wa mtu, na mume huyo alikuwepo studio siku hiyo. Mwandishi mmoja wa gazeti aliuita mahaba yaliyoiva.

Mimi najua ulikotoka. Ulitoka chumbani kwangu, Bagamoyo, mtaa wa nyuma ya forodha, na sababu yake ni mama mkwe wangu aliyekuwa amekaa upande wa pili wa pazia, hatua nne kutoka kwetu. Tulinong'ona kwa kuwa tulimwogopa. Hayo ndiyo mahaba yenyewe.

Nijieleze kidogo, ingawa hakuna mengi. Mimi ni mtu wa ndani. Nilisoma mpaka darasa la kumi na mbili, kitu ambacho kwa mtoto wa kike wa mji wetu wakati ule kilikuwa kama kwenda mwezini, lakini msidhani nilikwenda kwa furaha. Nililia bwenini Dar es Salaam miaka minne. Kila likizo nilikuwa wa kwanza kupanda basi la Bagamoyo na wa mwisho kushuka kwenye basi la kurudi. Nilipomaliza, wenzangu wakaenda kuwa makarani na wauguzi, mimi nikarudi kuolewa. Walimu wangu walisikitika. Mimi nilikuwa nikihesabu vyumba vya nyumba ninayokwenda.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Kuta nene za mawe, ua katikati, kisima ndani kwa ndani, na jiko lenye dirisha dogo ambalo mtu akikaa vizuri anaona anayepita bila yeye kuonekana. Niliipenda nyumba ile tangu siku ya kwanza kuliko nilivyompenda mume, naye mume alijua, akinitania. "Mimi nikifa," alikuwa akisema, "wewe utauliza kwanza nyumba anabaki nayo nani." Alikuwa karani wa ghala la korosho, mtu wa maneno machache na kikombe cha chai kirefu. Nilikuja kumpenda pole pole, kama mtu anavyozoea joto la maji. Tulikaa miaka mitatu, mtoto hatukupata. Kisha homa ya siku tatu ikamchukua, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa masika, wakazikwa yeye na utani wake huko Kaole, kwenye makaburi ya kwao mama yake.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutazamwa na wanaume wasiokuhusu, na muziki ndio kabisa, hata redio ilifunikwa kitambaa. Wanawake waliokuja kunihani walinionea huruma kwa kufungiwa vile. Sikuwaambia kwamba kufungiwa si kitu kwangu, nilikuwa nimekufanyia mazoezi tangu utotoni. Kilichoniumiza ni kingine. Pale nilipokuwa nimekaa, palikuwa si pangu tena.

Wazazi wangu walikuwa wametangulia. Nilikuwa na kaka mmoja tu, Tanga, na wiki ya tatu ya eda barua yake ilifika: eda ikiisha nifunge mizigo niende kwake. Mke wake alikuwa na watoto saba na mimba ya wa nane. Sikuhitaji elimu ya darasa la kumi na mbili kujua naitiwa nini. Na mama mkwe hakusema lolote. Tangu nilipoolewa alikuwa ananiita "binti wa Mngazija", kwa heshima zote, kama mtu anavyomtaja mgeni aliyepewa kitanda. Mwanawe hayupo, mjukuu hayupo. Kila asubuhi nilitazama lile dirisha dogo la jiko nikajiuliza nimebakiwa na asubuhi ngapi za kulitazama.

Hapo ndipo shoga yangu alipokuja.

Tulikaa dawati moja bwenini. Yeye ndiye aliyekuwa akiimba bafuni mpaka matroni akagonga mlango, na sasa alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi Dar es Salaam, picha yake imebandikwa kwenye mabaa. Alikuja amevaa buibui mpaka vidole vya miguu, macho chini, akamwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya mtoto wa chuoni.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kwa nani?"

"Nimetoka Dar, mama. Nimekuja kumhani mwenzangu. Tumesoma pamoja."

"Ingia. Una adabu wewe."

Akaingia chumbani kwangu, pazia likaanguka nyuma yake, akanikumbatia, akalia kweli. Sitamnyima hilo. Halafu akafuta macho, akanitazama nilivyokaa juu ya mkeka na nguo yangu nyeupe.

"Mbona hukubadilika? Wewe hata kabla hujafiwa ulikuwa unakaa eda."

"Sema polepole. Mama yuko hapo."

"Hapo wapi?"

Nikamwonyesha pazia kwa kidevu. Tangu dakika ile mpaka mwisho wa mambo yote hakuna aliyepandisha sauti.

Akanieleza shida yake. Mwenye studio moja Nairobi alikuwa amekubali kurekodi santuri ndefu ya bendi yao, si zile ndogo za nyimbo mbili, nzima, yenye kasha na picha. Lakini alikuwa na sharti: upande mmoja uwe wa Kifaransa, apate kuuza Zaire, Bujumbura na Ngazija. Bendi ilikuwa na mpiga gitaa kutoka Zaire ambaye angemfundisha.

"Sasa?"

"Sasa anataka kufundisha kwa mikono. Mimi nataka maneno tu."

Nikacheka, nikaziba mdomo. Kucheka katika eda.

"Wewe unakijua," akaniambia. "Bwenini ulikuwa ukitutukana kwa Kifaransa tukadhani unatusifu."

Ni kweli nilikijua. Baba yangu Mngazija alikuwa mpishi kwenye meli za Wafaransa miaka ishirini kabla ya kutia nanga kwa mama yangu, akanifundisha lugha ile jikoni, mimi nakuna nazi yeye anakaanga. Nilikuwa na kitabu chake kimoja cha kusomea, kimeliwa na mende pembeni.

"Siwezi kukufundisha nyimbo," nikamwambia. "Niko eda."

"Nani kasema nyimbo? Sauti ninazo mwenyewe. Nipe maneno. Niandikie, uniambie yanavyotamkwa. Hata hadithi za Mtume watu wanasimuliana katika eda."

"Usiyataje hayo hapa."

"Basi nimekosa. Lakini nifanyie. Santuri ikitoka nitaandika jina lako nyuma."

Sikulitaka jina langu popote. Nilichotaka ni kitu cha kufanya mchana mrefu ule, tena kitu changu. Nikakubali.

Bendi ilipumzika Jumatatu na Jumanne. Akawa anakuja na basi la asubuhi, analala kwa shangazi yake upande wa mashambani, anarudi Jumanne jioni. Mimi siku zilizobaki niliandika. Alikuwa ameniomba maneno ya mapenzi, nami mapenzi niliyoyajua yalikuwa ya mtu mmoja, basi nikaandika niliyokuwa nayo. Makubadhi yako bado mlangoni, yameelekea ndani. Mto wako una shimo la kichwa chako, siupigi, lisifutike. Asubuhi namimina chai vikombe viwili, kimoja nakunywa, kimoja nakitazama kikipoa. Mambo hayo nisingethubutu kumwambia mtu kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa niliona kama anayasema mwanamke mwingine, mrembo kidogo kuliko mimi.

Siku ya kwanza ya kusoma tuliinamiana juu ya karatasi kama wezi. Mimi natamka mstari mmoja, sauti ya pumzi tu, yeye anaufuata vile vile, pumzi kwa pumzi. Nikisita kumeza mate, anasita. Sauti ikinikwama kooni, kwa kuwa nilikuwa nikikumbuka kikombe, ikamkwama na yeye. Alikuwa na sikio la ajabu. Hakujua maana ya neno hata moja mpaka nilipomweleza, lakini tayari alikuwa amelichukua neno na kilio chake.

Mwisho wa ubeti wa kwanza nikanyamaza. Na kutoka nyuma ya pazia, sauti ya mama mkwe ikaja, tulivu kabisa:

"Amin."

Tukatazamana. Shoga yangu macho yalimtoka, akauma ncha ya buibui. Mimi nikabaki kama niliyenaswa na ulimbo. Kilichonijia kichwani ni kuendelea, nikaendelea. Mwisho wa ubeti wa pili: "Amin."

Alipoondoka, mama mkwe aliinua pazia mwenyewe. Hakuwa na desturi ya kuingia.

"Mlikuwa mkimsomea mwanangu," akasema.

Hakuuliza. Laiti angeuliza. Kiarabu alikijua kwa sikio, na hiki hakikuwa Kiarabu. Kizungu alichokijua ni cha Waingereza wa boma, na hiki kilikuwa laini mno. Nami ni binti wa Mngazija, na Wangazija mji mzima unawajua kwa dua ndefu na wanazuoni. Akapiga hesabu yake, jibu likatoka: dua ya Kingazija.

"Sijui lugha ya kwenu," akaendelea, "lakini niliisikia sauti yako inavyotetemeka. Nilikuwa nikidhani huna uchungu. Ulikuwa hulii, mimi nikaona, huyu msomi, huyu moyo wake uko kwenye vitabu. Nisamehe. Someni na kesho. Mimi nitaitikia huku huku."

Nilifungua kinywa. Kinywa hiki kina lugha nne, ukitia Kingazija cha baba na Kiingereza. Nikakifunga.

Najua mnavyosema. Ilikuwa rahisi: Mama, ile si dua, ni maneno tu ya kumkumbuka. Lakini alikuwa ameshanishika mkono, na hakuwahi kunishika mkono tangu siku ya ndoa. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho yake akaniletea uji wa tende alioupika mwenyewe, akaniita "mwanangu".

Shoga yangu jambo hilo lilimchekesha mno. "Mama mkwe wako ni mwitikiaji hodari," alininong'oneza. "Sisi kwenye bendi waitikiaji wetu wanachelewa. Huyu hachelewi." Nami nilicheka. Niandike kwamba nilicheka, maana mengine yote nitakayosema yataonekana kama nilikuwa nalia tu.

Ikawa wiki tano. Jumatatu na Jumanne tunasoma, Mama anaitikia. Shoga yangu akajifunza kumwachia nafasi: mwisho wa kila ubeti anakata pumzi, anangoja, Amin ikipita anaendelea. Alifanya hivyo mpaka ikawa sehemu ya ubeti. Kisha siku moja, siku isiyo ya somo, nilikuwa natazama uani kupitia dirisha la jiko. Mama anapepeta mchele, midomo inacheza. Nikatega sikio. Ilikuwa mistari miwili, ya makubadhi, imepinda kidogo kwa ulimi wake lakini ni yenyewe. Alikuwa ameihifadhi. Ijumaa hiyo alivaa buibui lake jipya, akaenda Kaole kwa miguu kuzuru kaburi. Aliporudi uso ulikuwa umekunjuka.

"Leo nimemsomea kwa lugha ya mkewe," akaniambia.

Wiki ile ile alimwita mwandishi wa barua akamjibu kaka yangu. Mimi mwenyewe ningeweza kuiandika, lakini aliona si heshima nijiandikie. Alisema: huyu ni mtoto wangu, haendi popote, akitaka kuolewa ataolewa kutoka nyumba hii, asipotaka atanizika mimi humu humu. Akanipa ufunguo wa kabati la vyombo vya kaure, umefungwa uzi mwekundu. Nikauvaa shingoni. Tanga ikawa mbali. Nyumba ikawa yangu, kisima na dirisha na yote, na nilichotakiwa kutoa ni kukaa kimya, jambo nililokuwa na kipaji nalo.

Shoga yangu akaenda Nairobi na bendi. Eda ikaisha, nikaoga, nikavaa rangi, redio ikafunuliwa. Nikachoma zile karatasi jikoni. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilijua santuri itatoka, lakini nilijipa moyo: itakuwa na magitaa, na tarumbeta, na sauti yake kubwa ile ya bafuni, nani ataitambua. Mama hakuwa msikilizaji wa dansi. Redio aliifungua kwa kitu kimoja tu, matangazo ya vifo ya mchana. Alikuwa akiyasikiliza yote, hata ya watu wa Mwanza, akiwaombea rehema mmoja mmoja.

Siku moja yalikwisha mapema. Mama alikuwa ukumbini na ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele, mimi napanga vikombe vya kaure. Hakuinuka kuizima, mikono ilikuwa na vumbi la pumba. Mtangazaji akasema sasa santuri mpya, akataja bendi. Nilipaswa kuruka. Nilikuwa na kikombe mkono huu na kikombe mkono huu, nikawaza kwanza niviweke visivunjike. Ndivyo nilivyo, tangu zamani.

Gitaa likaingia. Halafu mnong'ono.

Hakuwa ameimba. Sauti yake kubwa yote aliiacha nje ya studio. Nilijisikia mimi mwenyewe nikitoka kwenye lile sanduku: pumzi yangu, kusita kwangu, pale ninapomeza mate. Baadaye alinieleza kwamba alijaribu kuimba akashindwa, maneno yalikataa, hakuyajua kwa njia nyingine, na mwenye studio aliposikia akanyanyuka kitini akasema hivyo hivyo, usibadilishe kitu.

Mkono wa Mama ulisimama juu ya mchele. Aliinua kichwa kama anayeitwa kwa jina. Ubeti wa kwanza ukafika mwisho, pakaja ile nafasi, kimya kilichokatwa sawasawa na pumzi moja ya mtu. Na Mama, kwa mazoea, midomo yake ikajibu kabla yeye hajawahi kuizuia:

"Amin."

Tarumbeta likaingia.

Nikazima redio. Nimechelewa, bila shaka.

Mama akaondoa jiwe moja kwenye mchele, akaliweka pembeni.

"Hizo dua za mwanangu," akasema, "nani kazitia gitaa?"

"Mama, si dua."

"Si dua."

"Ni Kifaransa. Lugha aliyokuwa akiisema baba melini. Ni maneno niliyoyaandika mimi. Yule rafiki yangu ni mwimbaji."

"Nifasirie."

Nikamfasiria. Nilisimama mbele yake kama mtoto anayesoma masomo, nikayasema yote kwa Kiswahili, ubeti baada ya ubeti, makubadhi, mto, vikombe viwili. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa lugha ninayoishi nayo. Sikumaliza vizuri.

"Kile kikombe nilikuwa nikikiona asubuhi," akasema Mama. "Chai imelala. Nilidhani umesahau kukiosha."

"Sikusahau."

"Basi ni kweli ulimlilia."

"Kweli, Mama."

"Ungeniambia hivi hivi, kwa lugha yetu, tungelia wote. Mimi nilikuwa peke yangu huku." Akautikisa ungo kidogo, ukarudi ukatulia. "Nimeyasoma juu ya kaburi lake."

Hapo ndipo nilipojikata shingo mwenyewe. Nilitaka kumpoza, nikasema, "Najua, Mama."

Akanitazama.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza. Nilikusikia ukiyasema uani."

"Ukiniona nakwenda Kaole?"

"Ndiyo."

"Ijumaa zote zile."

Nikarudi kuvipanga vikombe vya kaure.

"Na barua ya kaka yako nilipoijibu, ulishajua?"

Niliushika ule ufunguo shingoni, sijui kwa nini. Yeye aliona mkono ulikokwenda. Nadhani ndilo jibu alilolisikia.

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari nikiwaona watoto saba wa Tanga wakinipanda mgongoni. Mama akachagua mchele wake mpaka ukaisha, akaupeleka jikoni, akautia maji. Aliporudi alisema bila kukasirika, kama mtu anayeeleza mahali vitu vinapowekwa:

"Neno langu kwa kaka yako sitalirudisha. Nyumba umeitaka, kaa. Ufunguo baki nao. Ila usiniite mama, binti wa Mngazija."

Nikakaa. Mwanamke mwenye fahari yake angebeba sanduku jioni ile ile. Mimi nilikwenda kutazama kama wali unaungua.

Shoga yangu alikuja baada ya miezi kadhaa, bila buibui safari hii, ameniletea doti ya kanga na ile santuri ndani ya kasha lake. Picha yake mbele, ameegemeza kichwa mkononi. Nyuma, maneno yote yameandikwa kwamba ni yake. Alikuwa ameshawaambia watu wa gazeti kwamba Kifaransa alijifunza Kinshasa. Mtu ambaye kabla ya ile safari ya Nairobi hakuwa amevuka Vigwaza, kijiji cha njiani kutoka Dar, tena huko alikwenda kwa harusi.

"Mwenye studio ndiye aliyepanga," alisema. "Toleo la pili nitakuweka."

"Usijali."

"Lakini umesikia? Umesikia tulivyofanya?"

Kabla sijajibu alipita mama mkwe. Shoga yangu akampa shikamoo yake. Mama mkwe akaitikia vizuri, akaitazama ile picha kwenye kasha, akamtazama yeye.

"Umekuja kusoma tena?" akamwuliza.

Shoga yangu akacheka, akidhani ni mzaha wa bibi. Hakuwa amejua lolote, na mimi sikumweleza, basi alirudi Dar na furaha yake yote. Sikumchukia. Nilijaribu, maana ingenisaidia. Yeye alichukua nilichompa. Santuri ile ninayo mpaka leo, sijapata kuwa na kitu cha kuipigia.

Miaka tisa nilikaa naye vile. Tulikula sinia moja. Akiumwa mgongo nilimkanda. Aliniambia asante kila mara, na asante ile ilikuwa na adabu kamili ya mtu anayemshukuru mpangaji. Watu wa mtaani walisema hawajaona mkwe na mke wa mwana wanaopatana kama wale, hata sauti zao huzisikii.

Zamani, ile miezi nilipokuwa "mwanangu" kwake, Alhamisi baada ya alasiri alikuwa akiniita chumbani kwake, anamsomea mwanawe Yasin kwa sauti ya wazi, mimi nimekaa miguuni pake naitikia. Baada ya siku ile ya redio hakuniita tena. Alifunga mlango. Nami nilikuwa nikikaa ukumbini na kazi yangu ya kushona, karibu, si karibu mno, na kama mlango ungekuwa mwembamba ningeweza angalau kuitikia kimoyomoyo kila anapofika mwisho wa aya. Lakini sikuweza kujua anafika wapi. Alhamisi zote zile, mpaka ile ya mwisho, mama mkwe wangu alimsomea mwanawe kwa kunong'ona.